"Mbona umeisha hivi?" Hiyo swali ilitoka wapi

Mnajua vile huwa. Umefika harusi ama matanga, hata sahani hujashika, na tayari ripoti ya mwili wako inasomwa kwa sauti. Umepunguza? "Mbona umeisha hivi? Kwani hukulangi?" Umeongeza? "Eeh, Nairobi imekukubali!" Halafu huyo huyo anaanza kuhesabu chapati zako.

Mimi ni mwembamba tangu praimari, kwa hivyo hiyo ya kwanza naijua sana. Wengi wetu tunasema ni roho mbaya tu. Lakini nilipoanza kuuliza wazee na kusoma, niliona hiyo swali ina miaka yake, na haikuwa miaka mizuri.

Anza na 1984. Mvua ilikataa, ukame ukapiga sehemu kubwa ya Kenya, na serikali ikaagiza mahindi kutoka nje. Uliza mtu yeyote aliyekuwa mtoto wakati huo kuhusu mahindi ya manjano, uone vile uso unabadilika. Mtu kama huyo akiona mifupa ya shingo yako, anaona njaa.

Mwaka huo huo, mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi akaripotiwa Kenya. Kwa majirani zetu Uganda, watu wa Rakai walikuwa wameshaupatia ugonjwa huo jina: Slim, kwa sababu ulimmaliza mtu mwili akibaki mifupa. Oktoba 1985, madaktari, akiwemo Mganda David Serwadda, waliandika kuuhusu kwa jarida la Lancet wakitumia jina hilo hilo la mtaani. Sisi leo tunaita jinzi slim. Wao walikuwa wanazika watu wa Slim.

Hapa Kenya, tulingoja hadi Novemba 1999 ndipo Rais Moi akatangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Hesabu: miaka 15. Katikati hapo, wengi hawakupimwa, na mtu wa kawaida hangeweza kununua ARV. Kwa hivyo macho ya majirani yakawa maabara. Ukikonda, majibu yako yanazunguka mtaani kabla yako. Tangazo la kifo linasema "baada ya kuugua kwa muda mrefu", na kila mtu anaelewa. Ndiyo maana "umenona" ikawa habari njema. Ilimaanisha bado uko na sisi.

Kwa hivyo anti anayekusumbua pengine alizika watu wake kabla wewe uzaliwe. Hiyo inaeleza swali lake. Lakini haifanyi liwe sawa.

Kwa sababu hiyo maabara ya macho ilidanganya hata wakati huo. Mtu angeweza kuishi na virusi miaka bila kukonda, na mwingine aliyekonda kwa kisukari ama kwa mawazo akahukumiwa bure. Leo, mtu anayemeza ARV vizuri huwezi kumjua kwa kumwangalia. Na yule unayemwambia "umeongeza" ukicheka, labda ameanza kutapika kila akila, na hakuna mtu nyumbani anajua. Neno lako linaenda naye hadi bafuni.

Sasa mimi siku hizi sirushi matusi, na sijielezi nimekula nini. Nikiulizwa mbele ya watu, nasema pole pole, "Anti, niko sawa. Kwani uliogopa nini?" Wengi hucheka na kubadilisha stori. Mmoja alinyamaza, kisha akanitajia kakake, jina ambalo sikuwa nimewahi kulisikia kwa hii familia. Tuliongea jioni yote.

Na sisi tunaokuja nyuma yao, tusirithi hii tabia. Kama kweli una wasiwasi na mtu, mvute kando, mkiwa wawili tu, umuulize analala aje na anaendelea aje. Mambo ya kilo zake, ngoja akuambie mwenyewe.