Mkutano wa Mombasa wa 1928 na Kuzaliwa kwa Kiswahili Sanifu: Nafasi ya Tanga na Pwani ya Kaskazini

Kiswahili kinachotumika katika nyaraka za Serikali, shuleni, mahakamani na katika vyombo vya habari nchini Tanzania kilipata msingi wake rasmi katika mkutano wa wataalamu wa lugha na elimu uliofanyika mjini Mombasa mwezi Juni 1928. Mkutano huo uliwakutanisha wajumbe kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ulikubaliana kuwa lahaja ya Kiunguja, inayozungumzwa katika mji wa Zanzibar, ndiyo iwe msingi wa Kiswahili Sanifu kwa nchi zote nne.

Uamuzi huo uligusa maisha ya kila mzungumzaji wa Kiswahili, na kwa namna ya pekee wakazi wa pwani ya kaskazini mwa Tanzania, kuanzia Jasini mpakani hadi Pangani. Eneo hilo lipo katikati ya lahaja mbili zilizoshindania nafasi ya usanifu, yaani Kimvita cha Mombasa na Kiunguja cha Zanzibar, na lenyewe lina lahaja zake. Makala haya yanaeleza chimbuko la mkutano huo, hoja zilizokuwapo, nafasi ya Tanga na matokeo yanayoonekana hadi sasa.

Hali ya lugha kabla ya mkutano

Kabla ya karne ya 20, Kiswahili cha pwani kiliandikwa zaidi kwa hati ya Kiarabu, na kila mji ulitamka na kuandika kwa lahaja yake. Tofauti za Kimvita na Kiunguja zilisikika katika maneno ya kila siku. Neno njia la Unguja lilikuwa ndia kwa watu wa Mombasa, njoo ilikuwa ndoo, macho yalikuwa mato, na kucheka kulikuwa kuteka. Wasemaji wa pande zote mbili walielewana bila shida, lakini mchapishaji wa kitabu cha shule alilazimika kuchagua upande mmoja.

Wamisionari ndio waliotangulia kufanya uchaguzi huo. Ludwig Krapf wa Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza aliweka kituo chake Mombasa, na kamusi yake iliyotolewa mwaka 1882 ilitokana na Kiswahili cha huko. Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, maarufu kama UMCA, alifanya kazi Zanzibar na kutoa kitabu cha mafunzo ya Kiswahili mwaka 1870 kwa kufuata Kiunguja. A. C. Madan wa misheni hiyo hiyo alitoa kamusi mbili, mwaka 1894 na 1903, akiendeleza msingi huo. Hivyo hadi kufika miaka ya 1920 palikuwa na maktaba mbili za Kiswahili zilizochapwa, kila moja ikiwa na wasomaji, walimu na watetezi wake.

Tanga katika ramani ya lugha

Kijiografia Tanga ipo karibu na Mombasa, lakini historia ya elimu iliielekeza Zanzibar. UMCA ilifungua kituo chake cha Magila, katika eneo la Muheza, mwishoni mwa miaka ya 1860. Walimu wa Magila walitumia vitabu vilivyotayarishwa Zanzibar, na kwa njia hiyo watoto wa Kibondei walijifunza kusoma kwa Kiunguja miongo kadhaa kabla ya kuwapo kwa uamuzi wowote wa kiserikali. Magila ilikuwa pia na mtambo wa uchapaji, na gazeti la Habari za Mwezi lilitolewa hapo katika miaka ya 1890.

Utawala wa Wajerumani uliongeza uzito wa Tanga. Shule ya serikali iliyoanzishwa mjini humo katika miaka ya 1890 iliandaa walimu, makarani na wasaidizi wa utawala waliopelekwa wilaya mbalimbali za koloni. Wengi wao walikwenda mahali ambapo Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani, na wakakifanya kuwa lugha ya ofisi, barua na daftari za kodi. Mtambo wa uchapaji wa shule hiyo ndio uliotoa gazeti la Kiongozi, lililoandikwa kwa Kiswahili katika herufi za Kilatini hadi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walipoitwaa Tanga mwezi Julai 1916, walikuta tayari lipo tabaka la Waafrika waliosoma na kuandikiana kwa Kiswahili. Utawala mpya uliendelea na lugha hiyo, na mwaka 1923 ulianzisha gazeti la Mambo Leo.

Pamoja na hayo, wenyeji wa pwani hiyo walikuwa na Kiswahili chao. Kimtang'ata kilizungumzwa katika vijiji vya pwani ya Tanga, kikichukua jina lake kutoka Mtang'ata, eneo yalipo magofu ya msikiti na makaburi ya Tongoni. Kaskazini zaidi, kuelekea Vanga na kisiwa cha Wasini, palikuwa na Kivumba. Lahaja hizi ziliishi kwa ujirani na lugha za Kidigo, Kisegeju, Kibondei na Kizigua, zikikopeshana nazo maneno.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa

Haja ya Kiswahili kimoja ilijitokeza rasmi katika mkutano wa elimu ulioitishwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1925 wakati wa Gavana Donald Cameron. Tatizo lililokuwa mezani lilikuwa la kiutendaji. Serikali zilitaka vitabu vya shule vya bei nafuu, na kitabu hakiwezi kuwa cha bei nafuu kikichapwa kwa lahaja moja kwa Tanganyika, nyingine kwa Kenya na tahajia ya tatu kwa shule za misheni. Mtihani mmoja nao haukuwezekana bila kukubaliana namna moja ya kuandika.

Mkutano wa Mombasa wa Juni 1928 uliitishwa ili kulimaliza suala hilo. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwa Profesa Carl Meinhof, mtaalamu wa Kijerumani wa isimu ya lugha za Kibantu. Hoja ya watetezi wa Kimvita ilikuwa nzito: lahaja hiyo ilikuwa na hazina kubwa ya ushairi ulioandikwa kwa karne nyingi, na ilihesabiwa na wengi kuwa chemchemi ya Kiswahili fasaha. Hoja ya upande wa Kiunguja ilikuwa ya uenezi. Misafara ya biashara iliyotoka Zanzibar kupitia Bagamoyo na Pangani ilikwisha kuipeleka lahaja hiyo hadi Tabora, Ujiji na mashariki ya Kongo, na utawala wa Tanganyika ulikuwa umeitumia kwa miongo mitatu. Kiunguja ndicho kilichokubaliwa.

Kamati ya Lugha ya mwaka 1930

Utekelezaji ulikabidhiwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930, makao yake yakiwa Dar es Salaam na Katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Majukumu yake yalikuwa pamoja na:

- kuweka tahajia moja na kusimamia ulinganifu wa sarufi;
- kutayarisha kamusi;
- kupitia miswada ya vitabu vya shule na kuidhinisha iliyokidhi vigezo;
- kuwahimiza waandishi wazawa, ikiwa ni pamoja na kuendesha mashindano ya uandishi;
- kujibu maswali ya lugha kutoka kwa umma na idara za serikali.

Kamusi za Kiswahili Sanifu zilizohaririwa na Johnson zilitolewa mwaka 1939. Kamati ilihamia Nairobi mwaka 1942, kisha Makerere nchini Uganda mwaka 1952, baadaye Mombasa, na hatimaye ikarejea Dar es Salaam mwaka 1964 ikiwa Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), na mwaka 2009 kikawa sehemu ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kilichopatikana na kilichopungua

Faida za usanifishaji ni dhahiri. Mwanafunzi wa Lushoto na wa Songea walianza kusoma kitabu kimoja, na gazeti lililochapwa Dar es Salaam likasomeka Bukoba. Wakati wa harakati za uhuru, hotuba iliyotolewa Mnazi Mmoja ilieleweka bila mkalimani katika sehemu kubwa ya nchi.

Gharama zake zilikuwapo pia. Waliokaa mezani mwaka 1928 walikuwa maofisa, wamisionari na wataalamu wa Ulaya, na Waafrika hawakuingizwa katika ujumbe wa Kamati hadi miaka ya 1940. Uamuzi juu ya lugha ya watu wa pwani ulifanyika bila watu wa pwani. Tahajia iliyochaguliwa iliacha baadhi ya sauti ambazo wazawa huzitofautisha. Kwa mfano, paa la nyumba na paa wa porini huandikwa sawasawa, ingawa msemaji wa Mombasa hulitamka la pili kwa mpumuo. Mtoto aliyeingia darasani na maneno ya bibi yake wa Mtang'ata au Vanga aliweza kusahihishwa kwa kalamu nyekundu kwa neno ambalo ni Kiswahili halali, isipokuwa si sanifu.

Kamati yenyewe iliutambua upungufu huo baadaye. Katika miaka ya 1950 ilichapisha mfululizo wa tafiti za lahaja, ukiwamo uchunguzi wa W. H. Whiteley kuhusu Kimtang'ata wa mwaka 1956 na ule wa H. E. Lambert kuhusu Kivumba wa mwaka 1957. Machapisho hayo yamebaki kuwa miongoni mwa kumbukumbu muhimu za Kiswahili cha pwani hiyo.

Tanga ilitoa pia mwandishi aliyeonesha uwezo wa lugha hiyo mpya. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliandika nathari na mashairi kwa Kiswahili Sanifu huku akichota kwa uhuru katika msamiati wa pwani. Alikuwa pia mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.

Mfano wa China

Afrika Mashariki haikuwa peke yake katika safari hii. Mwaka 1913 Serikali ya China iliitisha mjini Beijing mkutano wa kuunganisha matamshi ya lugha ya Kichina. Wajumbe wa majimbo walipiga kura juu ya matamshi ya maelfu ya herufi, kila jimbo likiwa na kura moja. Matokeo yalikuwa matamshi ya maridhiano yaliyochanganya sifa za kaskazini na kusini, ambayo hayakuwa lugha ya nyumbani ya mtu yeyote. Walimu walishindwa kuyafundisha, na kufikia mwaka 1932 yaliachwa na nafasi yake kuchukuliwa na matamshi ya Beijing. Mkutano mwingine wa mwaka 1955, uliofuatiwa na agizo la Serikali la Februari 1956, ulithibitisha lugha ya pamoja iitwayo Putonghua kwa msingi huo. Mfumo wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini, Pinyin, uliidhinishwa Februari 1958.

Ulinganisho huo unaonesha kwa nini uamuzi wa Mombasa ulidumu. Wajumbe wa 1928 walichagua lahaja hai yenye wasemaji, na mwalimu aliyetaka kujua neno linatamkwaje alikuwa na mahali pa kusikiliza. Unaonesha pia swali lililobaki wazi katika nchi zote mbili, yaani namna ya kuzihifadhi lahaja zilizobaki nje ya usanifu. Suala la lahaja za Kichina ni miongoni mwa mada za kudumu za mikutano ya kimataifa ya isimu ya Kichina, ambayo tangu mwaka 1992 ina jumuiya yake ya wanataaluma.

Uhusiano wa lugha hizi mbili umekua kwa vitendo. Redio ya Beijing ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961, Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu vya China, na Taasisi ya Confucius ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2013.

Usimamizi wa lugha kwa sasa

Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lilianzishwa kwa sheria mwaka 1967. Baraza huratibu maendeleo ya lugha, husanifu istilahi, hutoa ithibati ya lugha kwa vitabu vya kufundishia, na hutoa huduma za tafsiri na ukalimani. Mwananchi, mchapishaji au taasisi yenye shaka juu ya matumizi sahihi ya neno anaweza kuliuliza Baraza hilo.

Wigo wa lugha hiyo umepanuka zaidi ya mipaka iliyofikiriwa mwaka 1928. Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) mwaka 2019, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya kuwa lugha ya mahakama nchini, na UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Usanifu na lahaja havipingani katika utaratibu huu. Istilahi mpya zinapotafutwa, lahaja za Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu ni miongoni mwa vyanzo vinavyotazamwa mwanzo kabla ya kukopa nje. Kwa sababu hiyo msamiati wa wavuvi, mafundi wa majahazi na wakulima wa minazi wa Mkinga, Tanga na Pangani una thamani ya kitaifa. Wasemaji wake wengi ni wazee, na neno ambalo halijaandikwa huondoka na aliyelijua.