Hatamu miguuni

Kila kiongozi mpya anapoapishwa, magazeti yetu husema ‘ameshika hatamu’. Enzi za chama kimoja Tanzania, ‘chama kushika hatamu’ ilikuwa kanuni ya utawala. Lakini ni wangapi kati yetu tuliowahi kuigusa hatamu yenyewe?

Hatamu ni ukanda wa kumwongozea mnyama. Tusiichanganye na lijamu, kile chuma kinachotiwa kinywani mwa farasi. Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, na kwao hatamu ilikuwa hasa kamba ya ngamia.

Ukitaka kuiona ikifanya kazi, tazama gwaride la askari farasi wa mfalme wa Uingereza jijini London. Hawa wangali na mapanga, deraya za kifuani na kofia za chuma zenye shada la singa. Anayenivutia ni mpiga ngoma. Farasi wake ni pande la mnyama, miguu imejaa manyoya hadi kwatoni, amebeba ngoma mbili za fedha, moja kila ubavu. Mikono ya askari imeshika mikwaju. Hatamu je? Zimefungwa miguuni, penye vikuku! Akitaka kukata kona, huvuta kwa mguu. Huyo anaongoza bila kushika hatamu, nasi tunao wanaozishika bila kuongoza.

Wahariri, ombi moja: msiandike ‘kushika hatima ya uongozi’. Hatima ni mwisho.