Asili na Maana ya Jina Edward

Wafasiri wengi wakutanapo na majina ya watu katika maandishi ya Kiingereza huyaacha yalivyo, na wanafanya vyema. Taabu huanza msomaji anapouliza maana. Vijitabu vya majina humweleza kwamba Edward ni "mlinzi tajiri", na walimu nao huwapa wanafunzi jibu hilo kana kwamba jina ni sentensi iliyofupishwa. Jambo hili lahitaji kuchunguzwa kidogo.

Edward ni jina la Kiingereza cha Kale, lugha iliyosemwa Uingereza kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066. Limeundwa kwa maneno mawili, ead na weard. La pili halina utata: ni mlinzi. Ndilo lililomo katika hlafweard, yaani mlinzi wa mkate, ambalo kwa kufupishwa karne baada ya karne limekuwa lord, bwana. Gumu ni ead. Neno hili lilitaja mali, lakini lilitaja pia heri, baraka na mafanikio. Kwa maoni yetu "utajiri" ni neno jembamba mno hapa; "neema" lakaribia zaidi, kwani nalo hukusanya mali na heri pamoja.

Hata hivyo, kudai kwamba mzazi aliyemwita mwanawe Edward alikusudia kusema "mlinzi wa neema" ni kuvuka mpaka. Waingereza wa kale walikuwa na akiba ya vipande vya majina, wakavipanga na kuvipangua kwa kufuata ukoo zaidi ya maana. Mfano ulio wazi ni Wulfstan, askofu wa Worcester aliyefariki mwaka 1095. Mama yake aliitwa Wulfgifu na baba yake Æthelstan. Mtoto akapewa kipande cha kwanza cha mama na cha mwisho cha baba. Vipande hivyo ni "mbwa mwitu" na "jiwe". Ni nani atakayethubutu kumwita askofu huyo Jiwe la Mbwa Mwitu? Vivyo hivyo Edith limeunganisha neema na vita, na hapana haja ya kutafuta falsafa ndani yake. Edmund, Edwin na Edgar ni ndugu wa nyumba hiyohiyo.

Ajabu ni kwamba Edward limedumu. Baada ya 1066, katika vizazi vichache tu, majina mengi ya wenyeji yalisukumwa kando na William, Robert na Richard. Lililoliokoa ni utakatifu wa mfalme mmoja, Edward Muungama, aliyetawala kuanzia 1042 hadi Januari 1066 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1161. Mfalme Henry III, mzao wa Wanormani walioiteka nchi, alimheshimu mno hata akampa mwanawe aliyezaliwa 1239 jina hilo. Mwana huyo alianza kutawala 1272, akafuatwa na mwanawe na mjukuu wake wenye jina lilelile, mpaka 1377. Jina la walioshindwa likawa jina la watawala.

Kwa watu wa kawaida lilikatwa likawa Ned. Chanzo cha n hiyo ni kugawa maneno vibaya: mine Ed, "Ed wangu", ilisikika kama my Ned. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kucheka, maana nasi tuliisikia ki ya neno la Kiarabu kitab kuwa kiambishi, tukapata vitabu.

Kutoka Uingereza jina lilifika Ureno. Philippa, mjukuu wa Edward III, aliolewa na mfalme João I mwaka 1387, na mwana wao Duarte akatawala kuanzia 1433 hadi 1438. Duarte ni Edward katika vazi la Kireno. Basi Duarte Barbosa, aliyeandika habari za Kilwa, Mombasa na Malindi mwanzoni mwa karne ya 16, alimtangulia kwa zaidi ya miaka 300 wajina wake Edward Steere, ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka 1870. Lakini mfasiri asimgeuze Barbosa kuwa Edward: asili ni moja, majina ni mawili.

Ramani nazo zina neno. Ziwa lililo mpakani mwa Uganda na Kongo lilipewa jina la Edward na Stanley mwaka 1889, kwa heshima ya mrithi wa kiti cha Uingereza. Katika miaka ya 1970 likaitwa Idi Amin, na baada ya Amin kupinduliwa mwaka 1979 likarudia jina la awali. Katika maandishi yetu huandikwa Ziwa Edward, bila kufasiri ead wala weard.