Umeme Juu ya Karatasi: Historia Fupi ya Istilahi za Saketi

Kila tunapofundisha somo la istilahi, swali moja halikosi kuzuka: je, Kiswahili kinaweza kubeba sayansi? Mjadala huwa mkali, hoja hutolewa pande zote mbili, na aghalabu kipindi humalizika bila mtu yeyote kushika chombo chochote cha sayansi mkononi. Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa njia nyingine. Tumechagua kitu kimoja kidogo, saketi ya karatasi, na tunauliza kila sehemu yake ilipataje jina.

Saketi ya karatasi ni nini? Ni njia ya umeme iliyobandikwa juu ya karatasi badala ya kuunganishwa kwa nyaya. Vifaa vyake ni vinne: karatasi nene, utepe mwembamba wa shaba wenye gundi, taa ndogo ya LED na betri bapa ya mviringo ya volti 3, mfano wa CR2032 ambayo upana wake ni milimita 20. Utepe mmoja hutoka upande chanya wa betri hadi mguu mrefu wa taa. Utepe wa pili hutoka mguu mfupi hadi upande hasi. Kona ya karatasi ikikunjwa na kuibana betri, njia hukamilika na taa huwaka. Kona ikiachiwa, taa huzimika. Hiyo ndiyo swichi.

Kaharabu au umeme?

Tuanze na jina la nguvu yenyewe. Wayunani wa kale walijua kwamba kaharabu ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi kama vile manyoya. Kaharabu kwa lugha yao iliitwa elektron. Mwaka 1600 tabibu Mwingereza William Gilbert alilitumia neno hilo kuunda jina la Kilatini la vitu vyenye tabia hiyo, na kutoka hapo lugha nyingi za Ulaya zikapata neno lao la umeme. Waarabu nao walipita njia hiyo hiyo: neno lao la umeme limetokana na jina la kaharabu, ambalo walilipokea kutoka Kiajemi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Kiswahili nacho kina neno kaharabu. Njia ya kuwafuata Waarabu ilikuwa wazi mbele yake, lakini hakikuifuata. Kilitazama juu, kikachukua umeme, yaani ule mmweko wa mawinguni wakati wa mvua. Uchaguzi huo haukuwa wa kubahatisha kisayansi, kwani mwaka 1752 majaribio yaliyopendekezwa na Benjamin Franklin wa Marekani yalikuwa yamethibitisha kwamba mmweko wa mawinguni na nguvu inayotokana na kusugua kaharabu ni kitu kimoja.

Majirani nao wana njia zao. Warundi husema umuyagankuba, neno lililoundwa kwa upepo na radi. Wakenya wengi husema stima, neno la Kiingereza la mvuke lililowahi pia kuwa jina la meli. Hapa Uganda, Waganda husema amasannyalaze, na kwa miaka 20, kuanzia 2005 hadi 2025, usambazaji wa umeme ulikuwa mikononi mwa kampuni iliyoitwa Umeme. Kwa hiyo wako wanafunzi waliokua wakilijua neno hili kwanza kama jina la kampuni inayoleta bili, ndipo baadaye darasani wakaambiwa kuwa ni neno la Kiswahili. Mwalimu asiidharau hali hiyo. Ni pa kuanzia.

Karatasi ilikuwapo tangu mwanzo

Wako wanaodhani kwamba saketi ya karatasi ni mchezo wa watoto uliobuniwa majuzi. Historia inasema vinginevyo. Mwaka 1800 Mwitaliano Alessandro Volta alitangaza betri ya kwanza. Alipanga visahani vya metali mbili tofauti kwa zamu, na katikati yake akaweka vipande vya kadibodi au kitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Karatasi basi ilikuwa ndani ya betri ya kwanza kabisa.

Mwaka 1903 Albert Hanson wa Berlin aliomba hataza Uingereza kwa ajili ya njia bapa za metali zilizobandikwa juu ya karatasi iliyopakwa nta. Mwaka 1936 mhandisi Paul Eisler aliondoka Austria akakimbilia London. Alikuwa na uzoefu wa kazi za uchapaji, na huko akatengeneza redio ambayo njia zake za umeme hazikuwa nyaya bali metali bapa juu ya ubao. Mtindo huo ndio uliokuja kuitwa saketi chapwa. Neno chapwa hapa lisipite bila kuangaliwa: linatuambia kwamba ufundi huu ulizaliwa jirani na kiwanda cha magazeti. Msomaji aliyewahi kufungua redio ya zamani atakumbuka ubao wake wa rangi ya kahawia. Mbao nyingi za namna hiyo ni karatasi iliyoshindiliwa pamoja na gundi ngumu.

Katika karne hii, karatasi imerudi tena kwa sura yake ya kawaida. Mwaka 2010 Jie Qi na Leah Buechley wa chuo cha MIT, Marekani, walieleza jinsi walivyotengeneza kitabu chenye picha zinazochomoza, ambamo taa na swichi zilikuwa sehemu ya kurasa. Tangu hapo walimu wa nchi mbalimbali wameuchukua ufundi huu kwa kuwa vifaa vyake ni vichache na hauhitaji kuchomelea.

Neno karatasi lenyewe tulilipata kutoka Kiarabu, nacho kilikuwa kimelipata kutoka Kiyunani. Shaba nayo ina historia yake kwa majirani zetu: kuanzia 1971 hadi 1997 jimbo la Katanga nchini Kongo, lenye migodi mikubwa ya madini hayo, liliitwa Shaba. Mwanafunzi anapobandika utepe wake, basi, anashika neno lililowahi kuandikwa kwenye ramani ya Afrika.

Mkondo na njia ya kurudi

Kinachopita katika utepe tunakiita mkondo. Neno hili tumelitoa majini, kama Wazungu nao walivyofanya. Ni sitiari nzuri: inatuwezesha kuuliza mkondo ni mkubwa kiasi gani na unaelekea wapi. Hata hivyo, sitiari hii ina mipaka yake. Mto ukikatwa, maji humwagika pale pale palipokatwa. Utepe wa shaba ukikatwa, hakuna kinachomwagika. Mkondo husimama kote kwa mara moja. Ndiyo sababu tunahitaji neno la pili, saketi, au mzunguko kama wengine wapendavyo. Neno hilo linadai kwamba umeme sharti uwe na njia ya kwenda na ya kurudi.

Hapa lugha ya kila siku imewatangulia wataalamu. Mswahili hasemi kwamba umeme umeisha, bali husema umekatika, kama kamba. Kwa hakika hayo ndiyo maelezo sahihi ya saketi iliyo wazi. Kwa upande mwingine, tunapowasha na kuzima taa tunatumia vitenzi vya moto. Hatuoni haja ya kuviondoa, bali mwanafunzi aelezwe kwamba ndani ya LED hakuna kinachoungua.

Chanya na hasi ni jozi nyingine yenye kisa. Franklin ndiye aliyeeneza mtindo wa kuzipa hali mbili za umeme alama za kujumlisha na kutoa, akidhani kuna kitu kinachozidi upande mmoja na kupungua upande wa pili. Mwaka 1897 J. J. Thomson aligundua elektroni, na ikadhihirika kwamba katika waya elektroni hutoka upande hasi kwenda upande chanya, kinyume cha mwelekeo wa mkondo uliokuwa umeshazoeleka vitabuni. Majina na mwelekeo havikubadilishwa. Istilahi ikishaenea, hata sayansi yenyewe huiheshimu.

Lugha ya mafundi na lugha ya kamusi

Istilahi za saketi zimeingia katika Kiswahili kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa mafundi, wafanyabiashara na watumiaji. Humo walipita waya, betri, swichi, balbu na shoti. Betri za tochi na redio zimepewa hata majina ya vitu vya nyumbani: wako wanaoziita mawe, na Waganda huziita amanda, yaani makaa. Ndani ya betri za kawaida za zinki kweli kuna kijiti cheusi cha kaboni.

Mlango wa pili ni wa kamati. Mwaka 1930 ilianzishwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ikihusisha Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Kuanzia 1952 hadi 1962 kamati hiyo ilikuwa hapa Makerere, jambo ambalo wanafunzi wengi wa Uganda hawalijui. Baadaye Tanzania iliunda BAKITA mwaka 1967, na mwaka 1990 TUKI ikatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Katika mlango huu tunakutana na maneno kama kipitishi, kihami na ukinzani.

Yafaa ieleweke kwamba maneno haya ya kamati si mageni. Kipitishi kimetokana na kupitisha. Kihami kimetokana na kuhami, yaani kulinda. Ukinzani umetokana na kukinza, na hutumika hata katika siasa. Mwaka 1729 Stephen Gray wa Uingereza aligundua kwamba nguvu ya umeme hupita katika uzi wa katani, na kwamba uzi huo ukitundikwa kwa hariri nguvu haipotei, lakini ukitundikwa kwa waya wa metali hupotea. Mwanafunzi akisimuliwa jaribio hilo, kipitishi na kihami hujieleza vyenyewe.

Mbona basi shoti inajulikana hadi vijijini, nayo kihami haijulikani hata na baadhi ya walimu? Maoni yetu ni kwamba tofauti haiko katika asili ya neno. Shoti ni la Kiingereza na kihami lina mnyambuliko safi wa Kiswahili, lakini shoti lilifika pamoja na tukio: cheche, harufu ya kuungua, giza. Kihami kilifika kikiwa kimeandikwa tu. Neno lisilo na kitu cha kushikwa hubaki kamusini, hata likiwa limeundwa vizuri namna gani.

Hitimisho

Hapa ndipo saketi ya karatasi inapokuwa na maana kwa mwalimu wa lugha. Kwa utepe, taa mbili na betri moja, darasa zima linaweza kuyaita maneno hayo yote likiwa linayatazama. Karatasi iliyo chini ya utepe ni kihami. Tepe mbili zikigusana, ni shoti. Taa nyekundu na ya buluu zikiwekwa sambamba kwenye betri moja, nyekundu huwaka na ya buluu hufifia au huzimika kabisa, kwa sababu nyekundu huhitaji volti 2 hivi na buluu karibu 3. Mwanafunzi atakayelieleza hilo kwa Kiswahili atakuwa amelitumia neno volti kwa haja, si kwa mtihani. Mwalimu akumbuke tu kuzihesabu betri mwisho wa kipindi, kwani betri hizi ndogo ni hatari sana mtoto akizimeza.

Katiba ya Uganda ilifanyiwa marekebisho mwaka 2005 ili kukipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili, na Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Sheria hizo tunazishukuru. Hata hivyo, sheria haimfundishi mtu kusema kipitishi. Anayeweza kufanya hivyo ni mwalimu mwenye karatasi, mkasi na utepe wa shaba mezani. Tunawaomba walimu wenzetu walijaribu zoezi hili muhula ujao, wayaandike maneno ambayo wanafunzi wao watayatumia bila kufundishwa, na watuletee. Orodha hiyo itatufaa sana, kwani itatuonyesha lugha inavyofanya kazi kabla kamati haijaketi.