Msondo: Jina Lililowashinda Wenye Bendi

Historia ya Kiswahili katika Tanzania huru huandikwa zaidi kwa kufuata vitabu, mabaraza na kamusi. Makala haya yanafuata njia nyingine, nayo ni jina la bendi moja ya muziki wa dansi. Bendi hiyo imebadilishiwa jina kila walipobadilika wenye nayo, lakini wapenzi wake wameendelea kuiita kwa neno moja tu: Msondo. Katika majina hayo mna somo la lugha. Katika nyimbo zake mna hazina ya ushairi ambayo sisi malenga tumeiacha vinywani mwa wazee wanaotutoka mmoja mmoja.

Mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika viliunganishwa kwa sheria vikawa chama kimoja, NUTA. Chama hicho kikaunda bendi, kikanunua ala na kuwaajiri wanamuziki kwa mshahara. Ndivyo ilivyozaliwa NUTA Jazz. Utaratibu huo ulikuwa wa kawaida zama zile. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake, Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na yake, na Umoja wa Vijana vilevile. Mfanyakazi wa mgodi wa almasi wa Mwadui, jirani yetu hapa Songwa, alikatwa ada ya chama katika mshahara wake kama alivyokatwa kuli wa bandarini Dar es Salaam. Kwa hiyo naye alikuwa na senti zake katika magitaa yale, hata kama hakupata kuyaona kwa macho. Aliyasikia kwa Redio Tanzania.

Sasa tuyatazame majina. NUTA ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza. Mwaka 1977 TANU na ASP ziliungana zikazaa Chama Cha Mapinduzi, na mwaka uliofuata chama cha wafanyakazi kikawa JUWATA, yaani Jumuiya ya Wafanyakazi wa Tanzania. Kiswahili kilikuwa kimekalia kiti cha dola, na bendi ikaitwa JUWATA Jazz. Mwaka 1991, siasa ya chama kimoja na uchumi wa mashirika ya umma ilipokuwa ikielekea ukingoni, chama kikaundwa upya kwa jina la OTTU, kifupisho cha Kiingereza tena. Bendi nayo ikawa OTTU Jazz. Baadaye, ilipobaki kujitegemea, ikajiita Msondo Ngoma Music Band. Atakaye kujua hali ya Kiswahili katika ofisi za nchi hii kwa zaidi ya miaka hamsini, asome mabango ya bendi hii kwa mfuatano wake.

Lakini mchezaji wa dansi hakusema kwamba anakwenda JUWATA wala OTTU. Alisema anakwenda Msondo. Msondo ni ngoma ndefu ya asili, na pia ni jina la ngoma ya unyago katika jamii za ukanda wa pwani. Wanamuziki wa NUTA walilichukua neno hilo wakalifanya jina la mtindo wao wa uchezaji. Hiyo ilikuwa desturi ya bendi zote. Western Jazz walikuwa na Saboso, Dar Jazz walikuwa na Mundo, Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata, Vijana Jazz walikuwa na Pambamoto, na JKT walijiita Kimulimuli, kama yule mdudu amulikaye gizani. Urafiki Jazz walicheza Chakachua, neno ambalo kijana wa leo hulihusisha na mafuta yaliyotiwa maji au kura zilizovurugwa, asijue kwamba babu yake alilichezea dansi. Mwenye kukusanya msamiati atapata kazi ya kutosha katika mitindo hii peke yake.

Mwaka 1978 ilianzishwa Mlimani Park Orchestra, nayo ikachagua jina la ngoma ya Wazaramo: Sikinde. Wapenzi wakaongeza sifa, ngoma ya ukae, maana yake kwa Kizaramo ngoma ya nyumbani. Muhidin Maalim Gurumo, mzaliwa wa Kisarawe mwaka 1940, alitoka JUWATA akaenda Mlimani Park. Mwaka 1985 akahamia Orchestra Safari Sound, iliyokuwa na mtindo wa Ndekule, kisha akarudi alikoanzia. Hivyo mtu mmoja aliimba chini ya Msondo, Sikinde na Ndekule. Ushindani wa Msondo na Sikinde ukawa kama ule wa Simba na Yanga, na hadi karne hii wamekutanishwa katika ukumbi mmoja siku za sikukuu ili watu waamue nani mkali.

Niliwatazama Msondo miaka michache baada ya Gurumo kufariki, yaani baada ya Aprili 2014, katika ukumbi wa TCC Chang'ombe. Ni mahali pa wastani: meza, viti vya plastiki, harufu ya nyama choma, na sakafu ya kuchezea iliyo karibu mno na jukwaa hata unaona jasho la mpuliza tarumbeta. Wengi wetu tulikuwa na mvi. Nyimbo zilianza taratibu, mwimbaji akisimulia kisa chake ubeti kwa ubeti, kisha magitaa yakashika kasi na viti vikabaki vitupu. Miongoni mwa waimbaji alikuwapo Hassan Moshi, mwana wa TX Moshi William aliyefariki mwaka 2006. Jina la kuzaliwa la baba huyo lilikuwa Shaaban Mhoja Kishiwa, na huku kwetu Mhoja ni jina lisilohitaji maelezo. Mwana aliziimba nyimbo za baba, na ukumbi mzima ukaimba naye.

Hapo ndipo nilipolisikia jambo lililonifanya niandike. Katika ubeti mmoja meza yetu iliimba "moyo", meza ya jirani ikaimba "roho". Wimbo ulipokwisha tukabishana kwa heshima, kila upande ukidai ndivyo ilivyosikika redioni. Malenga watatambua ugumu wake. Maneno yote mawili ni mizani miwili, na yote huishia kwa o. Mizani haiwezi kuamua, vina haviwezi kuamua, na hapakuwa na andiko la kulirejea. Mtunzi amekwisha kwenda.

Tulifikaje hapo? Ushairi wa vina na mizani ulipata walinzi mapema. Sheikh Amri Abedi alichapisha kanuni zake mwaka 1954, chama cha UKUTA kikaanzishwa mwaka 1959, na magazeti yakatenga nafasi za mashairi. Utunzi wa dansi ulipata mkanda wa redio. Maneno ya wimbo yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa, yakaimbwa, mkanda ukawekwa rafuni. Msikilizaji alibaki na kumbukumbu tu. Wapo wanaosema kwamba nyimbo hizi si mashairi kwa kuwa hazifuati arudhi. Hoja hiyo haitoshi. Zina kisa, zina fumbo, zina methali iliyopinduliwa ikapata maana mpya. Mlimani Park waliifanya methali ya mtoto aliliaye wembe kuwa wimbo mzima. Mizani yake hupimwa kwa gitaa badala ya vidole. Tena zilikifikisha Kiswahili kilichotulia katika nyumba ambazo diwani haikufika, nyumba za Kisukuma ambamo redio ilikuwa mwalimu wa pili wa lugha.

Kazi iliyo mbele yetu haihitaji ofisi wala fedha nyingi. Kila msomaji wa ukurasa huu anaweza kuchagua nyimbo tano za bendi aipendayo, azisikilize kwa utulivu na kuziandika kwa daftari ubeti kwa ubeti. Chini ya kila wimbo aandike jina la mtunzi, jina la mwimbaji kiongozi ikiwa si mtunzi mwenyewe, na jina ambalo bendi ilikuwa nalo wakati ule. Kama ni NUTA, iandikwe NUTA, isiandikwe Msondo, kwa maana jina hilo ndilo litakalomwambia mjukuu wimbo ni wa zama zipi. Penye shaka, kama ile ya moyo na roho, yaandikwe yote mawili pamoja na sababu za kila upande. Kisha apelekewe mzee aliyewahi kuucheza wimbo huo, asomewe, asahihishe. Hapa Songwa na Mwadui wazee wa namna hiyo bado wapo, na wengi wao hawajawahi kuulizwa.