Tingatinga: Kutoka Hadibodi hadi Kompyuta

Wengi wetu tuliokulia Birmingham tulikutana na Tingatinga kwenye televisheni kabla ya kuiona Dar es Salaam. Mwaka 2010 CBeebies, kituo cha watoto cha BBC, kilianza kuonyesha Tinga Tinga Tales, hadithi za wanyama kama ile ya tembo alivyopata mkonga. Vipindi 52 vilitengenezwa kwa kompyuta Nairobi, katika studio ya Homeboyz, pamoja na kampuni ya Tiger Aspect ya London. Je, kompyuta ilibadilisha nini katika kazi ya mchoraji?

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1932. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, na picha zake ziliuzwa Morogoro Stores, Oysterbay. Alitumia vifaa vya bei nafuu: vipande vya hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu, lakini sanaa yake haikufa, kwa sababu alikuwa amewafundisha ndugu na vijana wachache, nao wakafundisha wengine.

Ilifundishika kwa kuwa ina hatua zinazofuatana. Kwanza ubao mzima hupakwa rangi ya nyuma na kuachwa ukauke. Kisha huchorwa umbo la mnyama, hujazwa rangi moja, na kuachwa tena. Mwisho huja madoa, mistari na jicho. Anayeharakisha huchafua rangi ya chini.

Anayechora kwa kompyuta hufuata njia inayofanana: mchoro wa awali, rangi ya nyuma, rangi za maumbo, kisha madoido, kila kimoja kwenye tabaka lake. Tofauti ni kwamba hangoji rangi ikauke, na akikosea anafuta bila kuharibu tabaka la chini. Kwa hiyo hatukubaliani na wanaosema kompyuta iliharibu Tingatinga. Kujenga picha kwa matabaka kulikuwepo kwenye hadibodi tangu mwanzo.

Badiliko kubwa liko kwingine. Picha ya ubao ni moja, na huuzwa mara moja. Tembo wa kompyuta huchorwa mara moja, viungo vyake vikatenganishwa ili vichezeshwe, akatumika kipindi baada ya kipindi na kuonyeshwa nchi nyingi. Hapo swali la haki linakuwa zito: mtindo ulioanzishwa na mtu mmoja na kulindwa na wanafunzi wake ni mali ya nani? Tangu 1990 wachoraji wa Dar es Salaam wana chama chao cha ushirika, na jina la mwanzilishi wao ndilo jina la chama. Sisi tuliotazama vipindi hivyo utotoni tunapaswa kujua kwamba jina lile la kuchekesha lilikuwa jina la mtu.