Jina la Nani Jaladani? Waswahili katika Vyuo Vikuu vya Miji ya Ujerumani, kutoka Berlin ya 1887 hadi Leipzig ya Vita Baridi

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya Waswahili waliovuka bahari kwenda kufundisha na kusoma katika vyuo vya miji ya Ujerumani, kuanzia kufunguliwa kwa Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin mwaka 1887 hadi miaka ya 1980 mjini Leipzig. Hoja inayotetewa ni kwamba mabadilishano ya kitaaluma hayapimwi kwa idadi ya wasafiri, bali kwa hadhi anayopewa msafiri katika maarifa anayoshiriki kuyazalisha. Kwa kufuatilia maisha na maandishi ya Amur bin Nasur, Mtoro bin Mwinyi Bakari na Bayume Mohamed Husen, makala inaonyesha kwamba Mswahili alipokelewa kwanza kama chemchemi ya lugha, na ilichukua muda mrefu kabla hajapokelewa kama mwanazuoni mwenye kazi inayobeba jina lake.

1.0 Utangulizi

Siku hizi mwanafunzi kutoka Dar es Salaam, Zanzibar au Nairobi anaweza kusoma muhula mmoja au miwili katika chuo kikuu cha Leipzig, Hamburg au Bayreuth, huku mwenzake wa Kijerumani akija pwani kukomaza Kiswahili chake. Safari za namna hii zina vyombo vyake rasmi. Shirika la mabadilishano ya kitaaluma la Ujerumani, DAAD, lina asili yake katika mwaka 1925, na tangu 2015 mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya umekuwa ukigharimia masomo ya muda mfupi kwa wanafunzi wa vyuo vya nje ya Ulaya, vikiwamo vya Afrika.

Historia ya njia hiyo, hata hivyo, ni ndefu kuliko vyombo hivyo. Waswahili walikuwa katika madarasa ya Berlin miaka mingi kabla ya 1925, lakini hawakuitwa wanafunzi. Waliitwa wasaidizi wa lugha. Wanafunzi walikuwa Wajerumani, na somo lilikuwa Mswahili mwenyewe: matamshi yake, barua zake, desturi zake. Swali linaloongoza mjadala huu ni hili: Mswahili aliyeishi katika jiji la Kijerumani kwa ajili ya elimu alitoa nini, alipata nini, na kazi yake iliandikwa kwa jina la nani?

2.0 Seminari ya Berlin na Mgawanyo wa Kazi

Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa Oktoba 1887 ikiwa imeambatanishwa na Chuo Kikuu cha Friedrich Wilhelm, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Humboldt. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Eduard Sachau. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa wakalimani, maofisa, wanajeshi, wafanyabiashara na wamisionari waliokusudia kufanya kazi Asia na Afrika. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa tangu mwanzo, katika kipindi kilekile ambacho Ujerumani ilikuwa ikijipenyeza katika pwani ya Afrika Mashariki.

Ufundishaji uligawanywa kwa mpango ambao athari zake zilidumu. Kila lugha ilikuwa na mwalimu wa Kijerumani aliyefafanua sarufi, na msaidizi mzawa aliyefundisha matamshi, mazungumzo na usomaji. Kwa upande wa Kiswahili, mwalimu wa kwanza alikuwa Carl Gotthilf Büttner, mmisionari aliyewahi kufanya kazi kusini-magharibi mwa Afrika. Wasaidizi wake walitoka Zanzibar: Suleiman bin Said kuanzia 1889 hadi 1891, na baada yake Amur bin Nasur hadi 1895.

Kazi ya wasaidizi hawa haikuwa ndogo. Mawasiliano ya pwani wakati huo yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, na ofisa asiyeweza kusoma barua ya liwali au ya mfanyabiashara wa Bagamoyo alikuwa kama kipofu katika ofisi yake. Büttner alichapisha mwaka 1892 kitabu cha maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu kwa ajili ya darasa la Seminari, na mwaka 1894 akatoa mkusanyiko wa fasihi ya Kiswahili. Vitabu vya namna hiyo visingewezekana bila mtu wa kueleza neno lililofichwa na hati isiyoonyesha irabu zote, au kuamua kama herufi moja isomwe p au b. Huo ulikuwa uamuzi wa kiisimu, nao ulihitaji mjuzi wa lugha. Hata hivyo, mgawanyo wa kazi uliuhesabu kuwa msaada, na ukamhifadhia Mjerumani cheo cha mtaalamu.

Katika mazingira hayo, nani hasa alikuwa mwanafunzi? Kwa mujibu wa daftari la udahili, jibu ni rahisi. Maandishi, hata hivyo, yanaonyesha jambo jingine. Amur bin Nasur aliandika kwa Kiswahili masimulizi ya maisha yake, ikiwamo safari iliyomfikisha Ulaya. Aliyeletwa ili asikilizwe na kuchunguzwa naye alikuwa akitazama, akilinganisha na kuhukumu. Kwa maana hiyo msaidizi huyu alikuwa mwanafunzi wa Ulaya, ingawa hakuna aliyempa shahada kwa somo hilo.

3.0 Mtoro bin Mwinyi Bakari: Mwandishi Nyuma ya Mhariri

Büttner alifariki mwaka 1893. Aliyekuja kukiongoza Kiswahili katika Seminari kuanzia 1896 ni Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni Dar es Salaam. Velten alikuwa mkusanyaji hodari. Mwaka 1901 alichapisha Safari za Wasuaheli, na mwaka 1903 Desturi za Wasuaheli. Katika kitabu cha kwanza imo, pamoja na nyinginezo, safari ya Selim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na Dkt. Bumiller hadi Urusi na Siberia. Katika vyote viwili umo mkono wa Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Mtoro alizaliwa karibu na Bagamoyo yapata mwaka 1869. Alipata elimu ya dini na sheria ya Kiislamu kabla ya kufika Berlin mwaka 1900 kuwa msaidizi wa Kiswahili. Kwa hiyo hakufika akiwa tupu. Alikuwa mwanachuoni kwa vigezo vya kwao, na Desturi za Wasuaheli inathibitisha hilo kwa muundo wake. Kitabu kinamfuata mwanadamu kuanzia mimba na uzazi, malezi, chuo na jando, ndoa na maisha ya mji, hadi maradhi na mauti, kisha kinagusa utumwa na sheria. Mpangilio huo unaonyesha mwandishi anayeiona jamii yake kama mfumo mzima wenye mantiki ya ndani.

Hapa panafaa kutazamwa athari ya darasa katika utanzu. Maneno habari, desturi na safari, yanayotawala vichwa vya maandishi ya kipindi hiki, yalikuwa ya kawaida katika mazungumzo ya pwani. Yalipofika Seminari yaligeuka kuwa majina ya tanzu za nathari. Mwalimu wa Kijerumani aliagiza habari za jambo fulani, na Mswahili akaandika. Agizo liliweka mipaka: kilichohitajika ni kile kitakachomfaa ofisa au hakimu wa koloni, ndiyo maana sheria za mirathi, ndoa na utumwa zilipewa nafasi kubwa. Lakini ndani ya mipaka hiyo mwandishi alichagua namna ya kusema. Mtoro anaeleza mambo ya kwao kwa mamlaka ya mtu wa ndani, anatofautisha waungwana na watumwa, watu wa pwani na wa bara, na haombi radhi kwa msomaji mgeni. Sehemu muhimu ya nathari ya Kiswahili ya mwanzo iliyochapishwa ilizaliwa katika mvutano huo kati ya agizo la mwalimu na uhuru wa mwandishi, tena ilichapishwa Ujerumani.

Suala la jina linaonekana waziwazi hapa. Toleo la 1903 lilitoka likiwa na jina la Velten kama mkusanyaji, na kwa miongo mingi wataalamu walizoea kulitaja kama kitabu cha Velten. Hata Lyndon Harries, alipotafsiri kwa Kiingereza sehemu za maandishi haya mwaka 1965, aliyatambulisha kama hazina iliyokusanywa na Carl Velten. Ni tafsiri ya J.W.T. Allen, iliyotoka mwaka 1981, iliyolipandisha jina la Mtoro hadi kwenye kichwa cha kitabu, pamoja na kuwatambua Waswahili wengine walioshiriki. Miaka 78 ilipita kati ya kuchapishwa kwa kazi na kutajwa hivyo kwa mwandishi wake.

Maisha ya Mtoro nje ya darasa yanaonyesha kikomo cha ukarimu wa jiji. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata alisafiri naye kurejea Afrika Mashariki, lakini wakuu wa koloni waliwazuia kuteremka, kwa kuwa ndoa ya Mwafrika na mwanamke wa Kizungu ilionekana kutikisa misingi ya utawala. Wakalazimika kurudi Ujerumani. Mtu aliyeaminiwa kuwafundisha maofisa lugha ya nchi yake alinyimwa ruhusa ya kukanyaga nchi hiyo akiwa na mkewe. Baadaye alitoa mihadhara ya hadhara kuhusu Afrika Mashariki, na kuanzia 1909 alifanya kazi kwa miaka kadhaa Hamburg, katika Taasisi ya Kikoloni iliyoanzishwa mwaka 1908, alikokuwa amehamia Carl Meinhof. Alifariki Berlin mwaka 1927. Bagamoyo hakuiona tena.

4.0 Bayume Mohamed Husen: Darasa Bila Ulinzi

Ujerumani ilipoteza makoloni baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini Kiswahili hakikuondoka Berlin. Mwaka 1929 alifika Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904, ambaye alikuwa askari mtoto upande wa Wajerumani. Alikuja kudai mishahara ya vita, yake na ya baba yake. Madai hayo hayakufanikiwa. Alibaki jijini akifanya kazi ya kuhudumia mezani na kuigiza katika filamu, huku akifundisha mazoezi ya Kiswahili katika chuo kikuu, ambako Diedrich Westermann alikuwa profesa.

Mgawanyo wa kazi wa 1887 ulikuwa haujabadilika: profesa na sauti yake. Kilichobadilika ni dola iliyowazunguka. Husen aliacha kufundisha mwaka 1941, na mwaka huohuo alikamatwa kutokana na uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, alikofariki tarehe 24 Novemba 1944. Chuo kilikuwa kimetumia ulimi wake kwa miaka mingi bila kumpa cheo, na asiye na cheo hakuwa na taasisi ya kumtetea.

5.0 Leipzig na Kugeuka kwa Nafasi

Nafasi ya Mwafrika katika vyuo vya Ujerumani ilianza kubadilika baada ya Vita vya Pili, katika nchi mbili za Ujerumani zilizoshindana kutafuta marafiki. Mwaka 1951 wanafunzi 11 kutoka Nigeria walifika Leipzig. Mwaka 1956 ikaanzishwa taasisi ya kuwaandaa wanafunzi wa kigeni, ambayo mwaka 1961 ilipewa jina la Herder. Huko mgeni alijifunza Kijerumani kwanza, kisha akaelekea katika kitivo chake.

Kwa Waswahili mlango huo ulipanuka baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Serikali mpya iliitambua Ujerumani ya Mashariki, na uhusiano huo ulileta wataalamu na majengo Unguja, ukapeleka vijana masomoni upande wa pili. Tofauti na zama za Seminari ni ya msingi. Sasa Mswahili ndiye aliyekaa dawatini, ndiye aliyehangaika na lugha ya kigeni, na ndiye aliyetunukiwa cheti kwa jina lake. Safari hizo nazo zilikuwa na siasa zake, kwani fursa za masomo zilitolewa kwa hesabu za Vita Baridi. Lakini mwanafunzi alitambulika kuwa mwanafunzi.

Mfano ulio karibu zaidi na taaluma ya Kiswahili ni Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Asali Chungu na Utengano, aliyepata shahada ya uzamivu Leipzig katika miaka ya 1980. Baadaye akawa profesa Bayreuth, akiwafundisha Wajerumani fasihi za lugha za Kiafrika. Alisimama mahali palepale ambapo Amur bin Nasur alikuwa amesimama, yaani mbele ya darasa la Kijerumani la Kiswahili, ila yeye aliweka mtaala, akasimamia tasnifu na kutia saini ripoti za mitihani. Umbali kati ya watu hao wawili unaeleza historia hii vizuri zaidi kuliko takwimu za udahili.

6.0 Hitimisho

Ushahidi uliojadiliwa unaonyesha kwamba uwepo wa Mswahili katika jiji la Kijerumani haukuwa na maana moja. Berlin ya Seminari ilimpokea kama chanzo cha data, Berlin ya miaka ya 1930 ikamtumia bila kumlinda, na Leipzig ikampa nafasi ya kusoma na kuhitimu. Mabadiliko hayo hayakuja kwa kupita kwa muda tu. Yalifuata kuanguka kwa ukoloni na kupatikana kwa dola zilizoweza kuwatuma raia wao kwa makubaliano.

Hata hivyo, mazoea ya Seminari hayajatoweka kabisa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda ng'ambo leo bado anaweza kukuta anathaminiwa zaidi kwa matamshi yake kuliko kwa hoja zake, au akawa msaidizi wa utafiti anayeshukuriwa katika dibaji pekee. Mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, maktaba na wahariri waorodheshe maandishi ya zama za Seminari kwa majina ya waandishi wake Waswahili pale wanapojulikana, na mkusanyaji atajwe kama mkusanyaji. Pili, makubaliano ya mabadilishano kati ya vyuo yaeleze bayana haki ya mwanafunzi katika data na machapisho yatokanayo na kazi yake, na yampe nafasi ya kuandika kwa Kiswahili, lugha ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekwisha kuipokea katika tasnifu za uzamivu. Mtoro aliandika kwa Kiswahili akiwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Hakuna sababu ya kitaaluma ya kumzuia mrithi wake kufanya hivyo leo, safari hii jina lake likiwa jaladani tangu chapa ya kwanza.